Uji wa Mtama Mwekundu: Ngano za Kale katika Riwaya za Watu Wazima



Nyumbani kwa bibi yangu hadithi zilisimuliwa usiku, na zilisimuliwa huku mikono ikifanya kazi. Yeye na mashoga zake wawili walikaa ukumbini kusuka ukili, kibatari kimewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa ili mwanga uwafikie wote watatu, na sisi watoto tumelazwa mkekani pembeni tumefunikwa kanga. Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ya Sultani Darai. Wengi wenu mnaijua. Maskini anayechakura jaani kama kuku anaokota thumni, ananunua paa, na paa yule anasema. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine kwa jina la bwana wake, anamposea binti wa sultani, kisha anamwua nyoka wa vichwa saba na kuitwaa nyumba yake, bwana anahamia humo na mkewe. Hapo bibi alikuwa akinyamaza, nasi tunalala.

Usiku mmoja, nikiwa na miaka tisa, sikulala. Nilifumba macho tu. Nikamsikia mmoja wa wale mashoga akisema, "Haya, wamelala hawa. Imalizie." Bibi akaendelea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya chini isiyobembeleza mtu. Paa akaugua. Bwana akapelekewa habari kwamba hali ya paa si nzuri, akasema apewe uji wa mtama mwekundu. Mkewe akamwambia, bwana, huyu ndiye aliyekupa kila ulichonacho. Akajibu, si nilimnunua kwa thumni? Paa akafa, uchungu ukimwua zaidi ya maradhi, na mzoga wake ukatupwa kisimani.

Siku kadhaa sikuweza kumtazama bibi usoni. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi, nilifungua kitabu cha hadithi za Unguja ambacho Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870, nikamkuta paa yuleyule, dharau ileile, kisima kilekile. Bibi hakuwa ameongeza kitu kwa ajili ya wakubwa wenzake. Alichokuwa akifanya ni kutukatia hadithi sisi wadogo.

Nimeombwa nizungumze juu ya riwaya za fantasia zinazosimulia upya ngano za kale za Ulaya kwa wasomaji watu wazima. Kila ninapozitaja riwaya hizi nasikia neno lilelile: kwamba waandishi wamechukua vitu vya watoto wakavitia damu na kitanda ili viuzike. Nimesimama hapa kulipinga neno hilo. Wale walio bora kati yao hawajatia kitu. Wanafanya alichofanya bibi tulipolala.

Paa wetu ana ndugu Ulaya. Ni paka aliyevaa buti, na aliyempa sura tunayoijua ni Mfaransa Charles Perrault, katika kitabu chake cha mwaka 1697. Naye paka anamtajirisha maskini kwa ulimi wake, anamdanganya mfalme, anamla zimwi mwenye ngome, na bwana wake anamwoa binti mfalme. Perrault anamstaafisha paka kwa raha: anakuwa mheshimiwa, na panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Msimulizi wa Unguja alifika mahali hapohapo, kwenye harusi, akauliza swali ambalo Perrault hakuliuliza. Baada ya harusi, yule aliyekufikisha unamfanyia nini?

Swali hilo la baada ya harusi nawaombeni mlishike mkononi, maana nitalirudia.

Ngano hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya watoto. Giambattista Basile, mtu wa Napoli aliyefariki mwaka 1632, aliacha mkusanyo wa ngano hamsini uliochapishwa kati ya 1634 na 1636 kwa Kinapoli, lugha ya mji wake, yenye mizaha na matusi yake yote. Humo yumo msichana anayeitwa Talia, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Mrembo Aliyelala. Kibanzi cha kitani kinamchoma chini ya ukucha, analala kama maiti. Mfalme aliyetoka kuwinda anamkuta, anamwingilia akiwa katika usingizi uleule, kisha anarudi kwake kwa mke wake na kumsahau. Talia anajifungua pacha bila kuamka. Na kinachomwamsha si busu. Ni mtoto mchanga aliyetafuta titi akalikosa, akanyonya kidole cha mama, akakitoa kile kibanzi. Basile anayasema hayo yote kwa mistari michache na kuendelea na safari yake. Msichana aliyeamka na kukuta watoto wawili kifuani, asijue wametoka wapi, aliwaza nini? Ngano haina nafasi ya swali hilo. Ngano hutaja tendo na kupita.

Miaka sitini baadaye mabibi wa Paris walikuwa wakisimuliana ngano kwenye mabaraza ya nyumbani mwao. Mmoja wao, Marie-Catherine d'Aulnoy, ndiye aliyeziita kwa jina ambalo Wafaransa wanalitumia hadi leo. Yeye mwenyewe aliozwa akiwa binti mdogo kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Mnaposoma ngano zake za wasichana walioahidiwa kwa wanyama, msidhani anawachekesha watoto. Anazungumza na wanawake wenzake juu ya jambo wanalolijua miilini mwao.

Waliozihamishia ngano kwa watoto ni wengi, lakini hakuna waliofanya kazi hiyo kwa subira kama ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Toleo la kwanza la mkusanyo wao lilianza kutoka mwaka 1812, la saba na la mwisho 1857, na katika miaka hiyo arobaini na mitano Wilhelm hakuchoka kuzisugua. Katika toleo la kwanza Rapunzel, aliyefungiwa mnarani, anamwuliza bibi anayemlinda kwa nini siku hizi nguo zake zinambana. Mama yeyote aliyelea binti anaelewa mara moja. Matoleo yaliyofuata yakaliondoa swali hilo. Lakini mimi kilichonishika zaidi ni habari ya mama. Mwaka 1812, mwanamke anayeamuru binti mwenye weupe wa theluji auawe, aletewe mapafu na ini ayale, ni mama yake mzazi. Mama wa Hansel na Gretel, anayemshawishi mumewe wawatupe watoto msituni kwa kuwa chakula kimekwisha, ni mama yao mzazi. Matoleo yalivyoendelea, wote wawili wakageuzwa kuwa mama wa kambo.

Badiliko la neno moja, na tazameni lilivyobeba mambo. Njaa inayoweza kumfikisha mzazi mahali pa kumtupa mwanawe, jambo lililotokea kweli Ulaya katika miaka ya ukame na vita, ilifichwa. Mahali pake akawekwa mwanamke mbaya. Watoto wakapata faraja, na sikatai kwamba mtoto anahitaji faraja. Ila wanawake wanaolea watoto wa wenzao wakatwishwa mzigo ambao haukuwa wao. Mimi nimelelewa na mama wa kambo, aliyeniamsha alfajiri kwenda shule na kunifungia kipande cha muhogo kwenye karatasi, na nayasema haya kwa heshima yake.

J.R.R. Tolkien, katika mhadhara aliousoma Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, mwaka 1939, alisema kwamba ngano zimesukumwa chumba cha watoto kama samani kuukuu ambazo wakubwa hawazitaki tena. Alikuwa sahihi, na ilichukua miaka mingine arobaini mpaka mtu aingie chumbani humo na kuanza kuzitoa moja moja.

Mtu huyo, kwa maoni yangu, ni Angela Carter. Alimtafsiri Perrault kwa Kiingereza mwaka 1977, na miaka miwili baadaye akachapisha The Bloody Chamber, mkusanyo wa hadithi kumi. Si riwaya, lakini sioni namna ya kuzungumzia riwaya hizi bila kupitia mlango wake. Chukueni ngano ya Ndevu za Buluu: bwana tajiri, mke mpya, funguo, chumba kimoja kilichokatazwa, na ndani yake miili ya wake waliotangulia. Kwa Perrault wanaofika kumwokoa mke ni kaka zake na panga zao. Kwa Carter anayefika ni mama. Mjane anakuja mbio juu ya farasi, bahari ikijaa nyuma yake, bastola ya marehemu mumewe mkononi, na anamlenga mkwewe na kumpiga risasi. Ndugu Grimm walimwondoa mama kwenye ngano. Carter alimrudisha na silaha. Wala hakuishia hapo. Ule ufunguo uliotiwa damu umeacha alama kwenye paji la uso wa binti, na alama ile haitoki kwa maji wala kwa poda. Anaishi nayo. Baada ya harusi, na baada ya wokovu pia, kuna paji la uso la kuosha kila asubuhi.

Katika miaka ya 1980 mhariri Mmarekani Terri Windling alianzisha mfululizo wa riwaya ambamo kila mwandishi alichukua ngano moja na kuifanya kitabu kizima. Steven Brust alichukua ngano ya Kihungari, Pamela Dean akachukua utenzi wa kale wa Scotland juu ya Tam Lin na kuupeleka chuoni Marekani katika miaka ya 1970. Siwezi kuvipitia vyote, wala vyote havistahili. Nataka nikae na riwaya tatu, ya pili tu ikiwa ya mfululizo huo.

Robin McKinley aliichapisha Deerskin mwaka 1993. Ngano yake ni ya Perrault, ya mwaka 1694, ya binti aliyevaa ngozi ya punda. Malkia anakufa baada ya kumwapisha mumewe asioe ila mwanamke mzuri kuliko yeye. Mfalme anatafuta nchi nzima, na aliye mzuri kiasi hicho ni binti yake mwenyewe. Anataka kumwoa. Kwa Perrault binti ana mlezi mwenye uwezo wa ajabu anayemshauri, anaomba nguo moja baada ya nyingine za kuchelewesha ndoa, anatoroka kwa wakati, na mwishoni baba, aliyekwisha kupona tamaa yake, anahudhuria harusi ya binti wanakumbatiana wote wanalia kwa furaha. Nilipoisoma mara ya kwanza niliifunga na kukaa kimya. Baba anasamehewa kwa nusu sentensi.

McKinley anauliza: je, kama hakutoroka kwa wakati? Binti anaitwa Lissar. Hakuna mlezi wa ajabu anayetokea. Watu wa nyumba ya mfalme, wahudumu na mawaziri, wanaona na kugeuza nyuso, na wengine wanamlaumu binti kwa macho. Baba anauvunja mlango. Mwandishi haipambi sura hiyo wala haiongezi urefu. Inaumiza kwa sababu ni ya kweli. Lissar anatoka nje usiku wa baridi na mbwa wake Ash, wote wawili wameumia, hajui jina lake tena. Yanafuata majira marefu kwenye kibanda msituni, ambapo kazi yake ya siku ni kuwasha moto, kula, na kutokumbuka.

Kisha linakuja jambo ambalo limenifanya niipende riwaya hii kuliko nyingi zenye sifa zaidi. Lissar anafika nchi ya jirani, anaomba kazi, na kazi anayopewa ni ya banda la mbwa: watoto sita wa mbwa waliofiwa na mama, ambao hakuna anayetarajia wapone. Kurasa nyingi zinakwenda kwa watoto hao wa mbwa. Kuwanywesha maziwa usiku kucha kila baada ya muda mfupi, kuwafuta, kulala sakafuni katikati yao, kuamka kuhesabu kama wote wanapumua. Msomaji mwenye haraka atauliza kuna haja gani. Mtu aliyewahi kukaa na binti aliyefanyiwa ubaya anajua haja ipo. Aliyenyang'anywa mwili wake anaanza kuurudisha kwa kuulinda mwili mdogo zaidi. Sijui mahali pengine jambo hilo lilipoandikwa kwa usahihi namna hiyo, na liliandikwa ndani ya riwaya yenye wafalme, majoka na mwanamke wa mwezini.

Baba naye anarudi. Anakuja katika nchi ileile kuoa binti mwingine, na Lissar anasimama mbele ya watu wote na kusema alichotendewa. Hakuna kukumbatiana. Mwana mfalme anayempenda anamwomba akae naye, na jibu lake si ndiyo ya ngano. Ni ndiyo ya mtu anayeahidi kujaribu tu, kwa kuwa hana uhakika wa zaidi ya hapo.

Riwaya ya pili ni Briar Rose ya Jane Yolen, ya mwaka 1992, iliyomo katika mfululizo wa Windling. Hii wengine husema si fantasia, maana haina uchawi hata chembe. Bibi mmoja Myahudi anayeishi Marekani amewasimulia wajukuu wake maisha yao yote ngano moja tu, ya binti mfalme aliyelala ndani ya ngome iliyozungukwa na miiba. Ila kwake ukungu unatanda juu ya ngome, watu wote wanalala, mwana mfalme anakuja anambusu binti, na anayeamka ni yeye peke yake. Wajukuu wakiuliza juu ya wale wengine, jibu halipatikani. Akikaribia kufa anamwambia mjukuu wake mdogo, Becca, kwamba yeye mwenyewe ndiye binti mfalme wa ngano, na anamwapisha aitafute ngome.

Becca anaitafuta, na ngome ipo. Ipo Chełmno, Poland, ambako kuanzia Desemba 1941 Wanazi waliwaleta Wayahudi kwa malori mpaka kwenye jumba moja kubwa la kale, wakawavua nguo, wakawaingiza kwenye magari yaliyofungwa, na kuugeuza moshi wa injini uingie ndani. Zaidi ya watu 150,000 waliuawa mahali hapo. Ukungu wa ngano ni moshi ule. Miiba ni seng'enge. Usingizi mnajua ni nini. Na busu ni pumzi aliyopuliziwa mdomoni msichana mmoja aliyetupwa shimoni pamoja na maiti, wapiganaji wa msituni walipomkuta bado ana uhai. Mwishoni mwa kitabu Yolen anaweka maelezo yake mwenyewe na kusema wazi kwamba hajui mwanamke yeyote aliyetoka Chełmno akiwa hai.

Nimefundisha kitabu hiki, na kila mara huwauliza wanafunzi: kwa nini bibi huyu hakusema tu yaliyompata? Mwaka mmoja kijana alijibu kwamba labda alikuwa akiyasema kila siku, kwa lugha pekee ambayo mdomo wake uliweza kuibeba, na wao ndio hawakumsikia. Sijapata jibu bora. Ngano hapa si pazia la kufichia jambo. Ni chombo cha kulibebea, kama unavyobeba kaa la moto kwa kigae kwa sababu mkono hauwezi.

Sasa ya tatu, na hii ina baridi ya theluji lakini inachangamsha. Spinning Silver ya Naomi Novik ilitoka mwaka 2018. Ngano yake ni ya Rumpelstiltskin, iliyomo kwa ndugu Grimm: binti wa msaga nafaka anatakiwa kusokota majani makavu yawe dhahabu, kiumbe mdogo anamsaidia kwa ahadi ya kupewa mtoto wake wa kwanza, na siku ya kulipa binti anagundua jina la kiumbe huyo na kuukwepa mkataba. Tumezoea kumshangilia. Novik, ambaye upande mmoja wa ukoo wake ni Wayahudi wa Lithuania, anatusimamisha. Huyu tunayemcheka ni nani? Ni mtu wa pembeni, asiye wa kwetu, anayeleta dhahabu tunapobanwa, na siku anapodai chake tunamwita shetani. Wayahudi wa Ulaya walikatazwa kazi nyingi, wakaachiwa kukopesha fedha, kisha wakachukiwa kwa kukopesha fedha.

Miryem wa Novik ni binti wa mkopeshaji mwenye moyo laini mno hata hawezi kudai. Kijiji kizima kinakula mahari ya mkewe huku mke huyo akikohoa kitandani bila kuni za kutosha. Miryem anachukua kikapu na kwenda mlango kwa mlango. Anarudi na alichopata, senti, sufuria, manyoya, na moyo wake unakuwa mgumu kidogo kila siku, na mwandishi anatuonyesha ugumu huo bila kuutetea wala kuulaani. Anaanza kununua kwa fedha na kuuza kwa dhahabu, biashara tu, mpaka maneno yake ya kujisifu yanamfikia mfalme wa viumbe wa barafu, anayeyachukua kama yalivyo na kumletea fedha azigeuze.

Lakini mtu aliyenivutia mimi ni Wanda, binti wa mlevi mmoja mwenye deni. Anatumwa kwa Miryem kufanya kazi mpaka deni la baba liishe. Wengine wangeona utumwa. Wanda anahesabu siku na kuomba deni lisiishe, kwa kuwa nyumba ya mkopeshaji ina mkate, ina moto, na haina ngumi. Huko anafundishwa hesabu, na alama zile kwenye daftari anaziona uchawi, uchawi ambao unamfaa mtu. Sisi tunaosema dawa ya deni kulipa, tunaojua deni la dukani na la kikoba na aibu ya kumpitia mbali mwenye duka, hatuhitaji maelezo ya nchi ya Novik. Ngano ilisema deni lilikwepwa, hoi hoi, kwisha. Riwaya inauliza nani alibaki na njaa deni lilipokwepwa.

Nitataja kwa kifupi Boy, Snow, Bird ya Helen Oyeyemi, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Uingereza, ya mwaka 2014, ambamo kioo cha mama wa kambo wa yule binti mwenye weupe wa theluji kinakuwa kioo cha rangi ya ngozi katika mji mdogo wa Massachusetts. Mtoto anazaliwa mweusi ndani ya familia iliyojificha miaka mingi kama weupe, na binti wa kambo mweupe, mzuri, anayependwa na wote, anapelekwa mbali. Mama wa kambo ndiye anayesimulia, na kwa mara ya kwanza tunamwelewa pasipo kumkubalia. Mwisho wa kitabu haukuniridhisha. Nusu ya kwanza naisoma kila mwaka.

Kuna jambo lazima niliungame kwenu. Kwa muda mrefu niliwaambia wanafunzi wasipoteze muda na zile riwaya nene za mapenzi zinazojaza maduka ya vitabu, zinazochukua Mrembo na Mnyama na kuzidisha joto la chumbani. Niliona zinafanya lilelile nililolikataa mwanzoni. Kisha nikarudi kwenye asili yake. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliiandika ngano hiyo kama riwaya ya watu wazima mwaka 1740, na kwake Mnyama kila usiku anamwuliza msichana kama atakubali kulala naye. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, mwalimu wa mabinti, akaifupisha, na swali likawa: utakubali kunioa? Kwa hiyo chumba cha kulala kilikuwemo tangu mwanzo. Hakuna aliyekiongeza.

Mpwa wangu ndiye aliyenifunga kauli zaidi. Aliniletea A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas, ya mwaka 2015. Nikaisoma, nikasema, naam, Mnyama ni yuleyule, mzuri chini ya kinyago, na msichana aliyechukuliwa kwao anaishia kumpenda. Akaniambia, shangazi, soma cha pili. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 2016, msichana ameshinda, amepata mpenzi wake na nyumba yake, na usiku anaamka kutapika kwa yale aliyoyafanya ili ashinde. Siku ya harusi miguu inagoma katikati ya njia. Mpenzi, kwa kumpenda, anamfungia ndani asitoke. Naye anaondoka.

Sijasema kwamba sentensi za Maas nazipenda kama za Carter. Ila swali ni lile la bibi, na mamilioni ya wasichana wanalisoma chini ya shuka kwa mwanga wa simu. Nilikosea kuwazuia wanafunzi wangu.

Sasa nirudi nyumbani kidogo kabla sijawaachia nafasi ya maswali. Ngano ya Sultani Darai haiishii kisimani. Yule mke, binti wa sultani, hakukubali. Anaandika barua kwa baba yake, na baba akisoma anapanda farasi na watu wake, wanakuja, wanamtoa paa kisimani na kumzika kwa matanga kamili. Usiku ule mke anaota yuko kwao, akiamka yuko kwao. Mume anaota anachakura jaani, akiamka anachakura jaani. Katika yote hayo barua ya mke imepewa sentensi moja tu. Mwanamke aliyeolewa na mtu asiyemjua, aliyeposewa na mnyama, anayeishi kwenye nyumba ya nyoka aliyeuawa, anakaa chini usiku ambao mumewe amemwonyesha ni mtu wa namna gani, anachukua kalamu. Riwaya nzima imo ndani ya barua ile, kwa Kiswahili, na bado namsubiri mtu aiandike.

Usiku ule nilipojifanya nimelala, bibi alipofika hapo, nilishindwa kuvumilia. Nikauliza kutoka chini ya kanga, "Bibi, aliandika nini?"

Mikono ya wote watatu ikaacha kusuka. Bibi akainua kibatari kunimulika.

"Kumbe huyu yu macho," akasema. Akasogea, akaniachia nafasi ubavuni pake, akanipa miyaa.